Anakwenda wapi? Jinsi ya kuwafungua wazee tuliozoea kuwafunga

Mtu wa kwanza niliyemfunga nilimfunga kwa shuka. Ilikuwa Februari 2004, mwezi wangu wa tatu kazini kwenye nyumba moja ya wazee karibu na Lowell, Massachusetts. Zamu ya usiku, wahudumu wawili kwa wazee thelathini na wanane. Mwenzangu yuko chumbani anambadilisha mtu, taa za kuitia zimewaka kwenye milango mitatu, na bibi mmoja wa miaka tisini, ambaye sote tulimwita Mémère kama walivyomwita wajukuu zake, ameshainuka kitini mara ya sita. Nikachukua shuka, nikaipitisha kiunoni pake, nikapiga fundo nyuma ya kiti cha magurudumu. Fundo zuri sana. Baba yangu alikuwa mvuvi Kisauni, Mombasa, mafundo nayajua.

Nesi aliyesimamia zamu alikuwa mama wa Kihaiti, mtu mzima. Alipolikuta fundo langu hakupandisha sauti. Alilifungua, akachuchumaa mbele ya Mémère, akamwuliza kitu kwa Kifaransa. Bibi akajibu maneno mawili matatu. Nesi akanigeukia: "Anasema anakwenda kazini, na wewe unamchelewesha."

Siku ya pili binti yake alitueleza. Mama yake alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha nguo, katika yale majengo marefu ya matofali mekundu kando ya mto Merrimack ambayo leo ni fleti na makumbusho, na siku zote zamu yake ilikuwa ya usiku. Saa nne na nusu alikuwa amekwisha vaa koti. Tukafungua daftari kutazama Mémère anaanza kuinuka saa ngapi. Saa nne na nusu.

Tokea hapo, kila siku saa nne na robo usiku, tulikuwa tunamwekea mezani kikapu cha taulo zilizotoka kukaushwa. Anazikunja, anazipanga, anazihesabu kwa Kifaransa. Kwa muda wa saa moja hivi, kisha anaomba chai, kisha analala. Kuna siku alinirudishia taulo moja niliyoikunja mimi. Haikuwa sawa.

Nimekuwa kwenye kazi hii miaka zaidi ya ishirini sasa, na wanaokuja wapya napewa mimi niwafunde. Wengi ni vijana wa kwetu, wametoka Kenya na Tanzania, wana cheti cha wiki chache na moyo mzuri. Swali lao ni moja: "Nikimwacha bila kumfunga akaanguka, si nitafukuzwa?" Ninayowajibu ndiyo haya.

Ijue kamba hata kama haifanani na kamba

Ukisikia habari ya kufunga wazee unawaza mikanda ya ngozi na fulana zenye kamba mgongoni. Hizo kwenye nyumba za Marekani huzioni tena kirahisi. Sheria inatazama mbali zaidi: kitu chochote kilichoshikana na mwili wa mtu au kilicho karibu naye, ambacho hawezi kukiondoa mwenyewe kwa wepesi, na kinachomzuia asiende au asiuguse mwili wake. Basi shuka iliyochomekwa chini ya godoro mpaka mtu hawezi kugeuka ni kamba. Kiti kilichosukumwa mpaka mezani kikatiwa breki ni kamba. Kiti cha kulaza kilichoegeshwa nyuma kiasi kwamba mzee anapiga miguu hewani kama kobe aliyepinduliwa ni kamba, na hiki ndicho ninachokiona kuliko vyote, kwa sababu kinafanana na ukarimu. "Nimempumzisha," watu husema.

Usikitazame kifaa, mtazame mtu. Mkanda wa kiti ambao bwana mmoja anaubonyeza na kuufungua apendapo si kizuizi kwake. Mkanda huohuo kwa jirani yake asiyekumbuka kitufe kiko wapi ni kizuizi. Mwambie aufungue, umwone anaufungua. Usiulizie kwenye faili.

Hata kengele inayolia mtu akijiinua nimewahi kuiona ikimfunga mzee bila kumgusa. Bibi mmoja alikuwa akiogopa ule mlio mpaka akawa hajigeuzi tena kitandani. Akapata kidonda cha kulalia. Wanaokagua nyumba hizi nao siku hizi huziulizia.

Sheria, kwa ufupi

Mwaka 1987 Bunge la Marekani lilipitisha marekebisho ya sheria ya nyumba za wazee, Rais Reagan akatia sahihi Desemba mwaka huo, na utekelezaji ukaanza Oktoba 1990. Inampa mkazi haki ya kutofungwa, kwa kifaa wala kwa dawa, ikiwa sababu ni kumwadhibu au kuwarahisishia kazi wahudumu. Kabla yake, karibu wazee wanne kati ya kumi katika nyumba hizi walikuwa wakifungwa. Leo hawafiki wawili kwa mia. Wahudumu hawakuongezeka mara ishirini, mimi ni shahidi. Kilichobadilika ni swali tunaloliuliza.

Kwa kazi yako ya kila siku, shika haya: daktari kuandika "afungwe" peke yake hakutoshi. Lazima pawepo dalili ya ugonjwa inayotibiwa, njia nyepesi ziwe zimejaribiwa na kuandikwa, kifaa kiwe chepesi kuliko vyote na kwa muda mfupi kuliko wote, na kila mara pawe na mpango wa kukiondoa. "Anaanguka sana" si dalili ya ugonjwa. Ni mwanzo wa uchunguzi.

Kwani kamba haimlindi?

Haimlindi. Mary Tinetti wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake waliwafuatilia wazee wa nyumba 12 za Connecticut kwa mwaka mmoja, wakachapisha matokeo 1992. Walioumia vibaya kwa kuanguka walikuwa asilimia 5 ya wasiofungwa, na asilimia 17 ya waliofungwa. Utasema waliofungwa ndio waliokuwa dhaifu tangu mwanzo. Watafiti nao walilifikiria hilo, wakalipigia hesabu, na bado kufungwa hakukuonekana kumkinga mtu.

Ukikaa wodini unaielewa sababu bila utafiti. Mtu aliyefungwa wiki tatu miguu yake inakwisha. Siku fundo likilegea, na lazima litalegea, anasimama kwa miguu ya wiki tatu zilizopita ambayo hanayo tena. Isitoshe, anapigana na kamba. Anajikojolea kwa sababu hawezi kwenda, mnamvisha nepi, ngozi inachubuka, anawaka hasira, mnaomba dawa ya kumtuliza, dawa inamlegeza. Wapo waliokufa wakining'inia kwenye fulana za kufungia, kifua kimebanwa.

Na reli za kitanda, yaani vizuizi vya ubavuni, ambazo familia nyingi huzipenda kuliko kitu kingine: mamlaka ya dawa na vifaa ya Marekani, FDA, tangu 1985 hadi mwanzo wa 2009 ilipokea taarifa 803 za watu walionaswa au kukabwa kwenye vitanda vyenye reli. Waliokufa ni 480. Reli haimzuii aliyechanganyikiwa asitoke. Inamwongezea kimo cha kuangukia, kwa kuwa sasa anapanda juu yake.

Daftari la siku saba

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo nivumilie.

Chukua mtu mmoja. Si wodi nzima, mmoja tu, na usianze na mgumu kuliko wote. Tengeneza karatasi yenye saa ishirini na nne kwa siku saba. Kila anapoinuka, anapopiga kelele, anapovuta mpira wa mkojo au wa chakula, au anapojaribu kupanda reli, andika saa, alikuwa wapi, nani alikuwa karibu, nini kilitangulia, na kilichomtuliza. Kila mtu aandike, pamoja na wafagizi na mgawa chakula. Mfagizi mmoja, kijana wa Kikambodia, ndiye aliyetuambia kwamba bwana fulani huanza kuhangaika kila anapopita mtu mwenye funguo zinazolia. Manesi tulikuwa tumepitwa na hilo miezi minne.

Siku ya nane kaa na karatasi. Karibu kila mara utaona rundo: saa zilezile, mahali palepale. Kisha ujiulize lile swali la mama wa Kihaiti. Huyu anakwenda wapi?

Mara nyingi anakwenda choo. Ningepewa senti kila niliposikia "hana sababu, anapenda kuinuka tu" halafu ikawa mkojo, ningekuwa nimejenga Nyali, kwa matajiri wa Mombasa. Ukiona anainuka nusu saa hadi saa moja baada ya chai ya asubuhi, mpeleke dakika ishirini baada ya chai, kabla hajaanza. Usimwulize "unataka choo?" mbele za watu, atakukatalia, hata mimi ningekukatalia. Mwambie, "Twende tutembee kidogo," mpitishe mlangoni. Na utazame dawa: dawa ya kukojoza ikitolewa jioni usitarajie mtu kulala. Mwombe nesi azungumze na daktari ihamie asubuhi. Jingine linalosahauliwa ni choo kikubwa. Mzee asiyeenda siku nne hawezi kutulia kitini, na hawezi kukwambia kwa nini.

Wengine wanayakimbia maumivu. Mwenye ugonjwa wa kusahau hasemi "nyonga inaniuma." Anasema "nataka kwenda nyumbani," au anakupiga kofi ukimgeuza. Kipo kipimo kiitwacho PAINAD, kina mambo matano tu: anavyopumua, sauti anazotoa, uso wake, mwili wake ulivyokaa, na kama anabembelezeka. Kila moja sifuri hadi mbili, jumla kumi. Mpime nacho akiwa anageuzwa, si akiwa amelala. Huko Norway Bettina Husebo na wenzake walichukua wazee 352 wenye ugonjwa huu na wenye fujo, wakawapa nusu yao hivi tiba ya maumivu kwa mpangilio wa hatua, wengi wakianzia paracetamol tu, wakachapisha 2011: fujo ya waliotibiwa ilipungua kwa asilimia 17 ndani ya wiki nane. Mnaokimbilia sindano za usingizi, someni hapo mara mbili.

Wengine ni kizunguzungu. Wanainuka vizuri, wanaanguka wakishasimama. Pima presha akiwa amelala, kisha amesimama, dakika ya kwanza na dakika ya tatu. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, mwite nesi, dawa zitazamwe. Na aliyebadilika ghafla, jana mpole leo anapanda reli, huyo hajaanza tabia mpya. Ni mgonjwa. Maambukizi, maji kupungua mwilini, dawa mpya, mkojo kuziba. Huyo si wa kungojewa siku saba. Apimwe leo.

Halafu wapo wenye safari za zamani, kina Mémère. Hapa uulize familia, lakini usiulize "anapenda nini?" Watakujibu "muziki", na utabaki na redio inayompigia kelele. Uliza: alikuwa akiamka saa ngapi? Alilala upande gani wa kitanda? Jioni ilipoingia alikuwa akifanya nini, akimngoja nani? Mama mmoja wa watoto sita alikuwa akihaha kila siku saa tisa alasiri. Watoto walikuwa wanatoka shule. Tulimhamishia kiti dirishani, mahali ambapo basi la shule la njano hupita kweli.

Watakuja watu wakwambie kumpa mzee taulo akunje ni kumfanyisha kazi. Sijawahi kumlazimisha mtu. Nimeweka kikapu mezani, nikaondoka.

Kitanda na usiku

Mkalishe mzee ukingoni mwa kitanda. Nyayo zote ziguse sakafu, mapaja yakae sawa. Hicho ndicho kimo chake cha kusimamia. Tia alama ya utepe kwenye mguu wa kitanda ili zamu zote zikione. Asiyeweza kusimama kabisa lakini hujibiringisha, kitanda kishushwe mpaka chini kabisa, na godoro jembamba liwekwe sakafuni ubavuni. Kwa anayetembea, usiweke godoro hilo: atajikwaa. Nimeona nyumba zinaweka kila mahali kama mkeka wa msikitini, halafu zinashangaa.

Reli ndogo ya nusu, anayoishika mwenyewe kujigeuza, inaweza kumsaidia, lakini kanuni inataka kwanza mjaribu njia nyingine, mpime hatari ya kunaswa, na yeye au msemaji wake aelezwe na akubali. Pima mianya. Kiwango cha FDA cha 2006 ni kwamba pengo kati ya nguzo za reli, au kati ya reli na godoro, lisizidi milimita 120, yaani upana wa kichwa. Godoro lililobadilishwa bila kupimwa upya ndilo huleta msiba.

Taa ndogo ya njano ya kuonyesha choo. Soksi zenye mpira chini. Miwani na kifaa cha masikio mahali mkono unapofika, si kwenye droo. Na usimwamshe kila saa mbili kumkagua nepi ikiwa ngozi yake ni nzima na anaweza kujigeuza. Sisi ndio tuliokuwa tunawaamsha, kisha tunawafunga kwa sababu wameamka.

Kiti, na bwana aliyekuwa akiteleza

Tuliletewa bwana mmoja kutoka nyumba nyingine, mrefu, mkimya. Kwenye karatasi zake: mkanda wa kiti muda wote, "huteleza." Kweli aliteleza. Ukimkalisha, baada ya dakika kumi makalio yamefika ukingoni, na mkanda umepanda hadi kifuani. Hapo ndipo watu hufa.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimtazama dakika tano. Kiti kilikuwa kirefu kutoka mgongoni hadi magotini kuliko mapaja yake, hivyo ili magoti yakunjike ilibidi ateleze mbele. Pia kitako kilikuwa kimelegea kama bembea, na pahali pa kuweka miguu palikuwa juu mno. Kipimo ni hiki: akikaa mpaka nyuma, vidole vyako viwili vipite kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti. Akapata kiti cha saizi yake, ubao chini ya mto, mto wenye mteremko kidogo kuelekea nyuma. Kuteleza kukaisha. Miezi kumi na moja alikuwa amefungwa kwa kosa la kiti.

Na kiti cha magurudumu ni cha kusafiria. Mtu akifika mezani, mhamishie kwenye kiti cha kawaida chenye mikono. Wewe mwenyewe kaa kwenye kiti cha magurudumu saa mbili bila kuinuka, uje uniambie.

Mkanda haukutoka siku moja. Aliyefungwa muda mrefu hana misuli, wala hana imani na miguu yake. Tulianza baada ya chakula cha mchana, dakika kumi na tano, ameshiba, ametoka choo, mtu yuko naye. Akiwa hajafungwa, tunamsimamisha mara tatu, tunahesabu mpaka kumi, tunamkalisha. Wiki ya pili nusu saa, asubuhi na mchana. Wiki ya tatu hafungwi tena wakati wa kula na wakati wa shughuli za pamoja. Jioni ilibaki mwisho, kwani saa kumi na moja hadi saa moja usiku ndipo wengi huchafuka akili, na ndipo sisi tunapobadilishana zamu. Tukapanga mhudumu mmoja aje nusu saa kabla, akae ukumbini tu. Kazi yake ni kukaa. Mkuu wa nyumba alilipinga hilo, akalikubali alipoonyeshwa hesabu: aliyefungwa anatakiwa afunguliwe kila saa mbili, atembezwe, apelekwe choo, akaguliwe ngozi, yaandikwe. Dakika hizo mnazo tayari. Zitumieni kabla ya kamba.

Wiki ya sita mkanda uliingia kabatini. Mimi niliandika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino, nikaacha hapo.

Wanaovuta mipira

Mzee anayevuta mpira wa mkojo huvishwa glavu nene kama za bondia. Kabla ya glavu, uliza kama mpira wenyewe bado una kazi. Mara nyingi uliwekwa hospitali na hakuna aliyekumbuka kuutoa. Kama unatakiwa, upitishe ndani ya suruali, mfuko ufungwe mguuni, macho yasiuone. Dripu ifunikwe kwa mkono mrefu wa shati. Mpira wa chakula tumboni ufunikwe kwa mkanda mpana wa kitambaa chini ya nguo, na mikono ipewe kitu: kitambaa chenye vifungo, tasbihi, rozari, mpira wa sufi. Mikono iliyofanya kazi miaka sabini haikai bure.

Kuhusu dawa za kutuliza nitasema moja. Tangu 2005 FDA iliweka onyo zito kwenye dawa mpya za akili, na 2008 kwenye zile za zamani, kwamba zinaongeza vifo kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Mkisherehekea kuondoa mikanda huku vidonge vimeongezeka, hamjafungua mtu.

Familia ikitaka afungwe

Watoto hawaombi kamba kwa ukatili. Wanaogopa simu ya saa nane usiku. Binti mmoja aliniambia, "Mfungeni, mimi nitatia sahihi." Sahihi yake haihalalishi, kanuni iko wazi kwamba ombi la msemaji wa mzee peke yake si ruhusa. Lakini usianze na kanuni. Ukianza na kanuni utakuwa umemfungia mlango. Mwulize anaogopa nini hasa. Akisema nyonga, mwonyeshe kitanda kilivyoshuka, soksi, kaptura zenye pedi za kulinda nyonga, karatasi ya saa za kwenda choo. Mwambie kweli: "Mama anaweza kuanguka. Tunapunguza, hatuwezi kuondoa." Kisha mwombe akae naye saa moja siku mkanda unapotolewa mara ya kwanza. Yule binti alikaa. Mama yake alijikuna mgongo. Alikuwa hajaweza kufika pale kwa muda mrefu.

Akianguka

Ataanguka mtu. Siku hiyo ndiyo inayoamua kama kamba zitarudi. Baada ya kumhudumia, ndani ya dakika kumi na tano, wote waliokuwa zamu wasimame palepale alipoanguka. Msiulizane nani mwenye kosa. Alikuwa anakwenda wapi? Alivaa nini miguuni? Mara ya mwisho choo ilikuwa saa ngapi? Taa ilikuwaje? Kikao kikifanyika ofisini kesho yake, jibu huwa "azidishiwe uangalizi", na hilo si jibu. Sakafu bado ikiwa na maji, unaona maji.

Na kwetu

Haya nimeyaandika kwa ajili ya nyumba za wazee, lakini simu iliyonifanya niandike ilitoka Kisauni. Mdogo wangu, analia: "Dada, mimi nimeshindwa. Mama atoka kitandani usiku, jana nimemkuta uani. Nimemfunga mkono na leso, uniwie radhi." Sikuwa na la kumsamehe. Mimi nilitumia shuka, na nilikuwa nalipwa.

Nikamwuliza, "Atoka saa ngapi?"

"Alfajiri, alfajiri hivi. Kabla ya adhana."

"Na ukimwuliza enda wapi?"

Akanyamaza kidogo. "Asema enda kutia udhu."

Miaka nenda miaka rudi mama anaamka saa ile kwenda kwenye pipa la maji uani. Kitanda chao cha samadari kiko juu, kwa hiyo nilimwambia wakiweke kando, godoro lishuke chini. Birika na beseni viwe karibu na mkono wake, kiti cha plastiki kizito cha kujishikia, mswala utandikwe tangu usiku, taa ya koridoni isizimwe. Mpwa wetu alale chumba kile, na kengele ndogo ya mbuzi ifungwe kwenye komeo la mlango wa uani.

Ameanguka mara moja tangu hapo, akachubuka kiwiko. Mdogo wangu alinipigia huku anatetemeka, lakini kabla sijauliza alikuwa ameshatazama mwenyewe. Birika lilikuwa tupu, watoto walikuwa wameyatumia maji, mama alikuwa anakwenda kulijaza.